Mume wangu hataki kupimwa, na mimi nimechoka kunywa dawa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Sakina hapa Arusha. Nina fremu ndogo ya ushonaji kando ya barabara ya Namanga. Mume wangu ni dereva wa watalii. Ndoa yetu ina miaka mitano na nusu na hatujapata mtoto.

Miaka miwili ya mwanzo nilichoma sindano ya uzazi wa mpango. Tulikubaliana wote wawili kwa sababu tulikuwa tunajenga. Niliacha miaka mitatu na nusu iliyopita, na tangu hapo sijawahi kuchelewa siku zangu hata kwa wiki moja nikasema labda. Mama mkwe alipojua habari ya sindano, alisema nimeua kizazi kwa mikono yangu mwenyewe.

Shangazi, nimehangaika. Mwaka jana rafiki yangu alinipeleka mahali wanapopima mwili mzima. Unashika kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika mbili inatoka karatasi. Yangu ilisema nina PID sugu, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, kwamba mirija imeziba, na sumu kwenye kizazi. Nikauziwa dozi ya miezi mitatu kwa shilingi 450,000: unga wa kuchemsha ninaouweka kwenye dumu la lita tano, pamoja na vidonge vya kuweka ukeni usiku. Vile vidonge vilinichubua mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Nikaacha hivyo, ila unga nakunywa mpaka leo.

Mwezi wa tatu nikaenda hospitali. Wakanipiga ultrasound, wakasema kizazi hakina uvimbe. Wakanifanyia na kile kipimo cha HSG, picha ya eksirei ya mirija, daktari akasema mirija yote miwili iko wazi. Waliouza dawa nilipowaeleza wakasema, unaona, dawa yetu imeizibua, ongeza dozi. Hospitali walipima pia homoni siku ya 21, wakasema homoni ya kuonyesha yai limepevuka iko chini. Mzunguko wangu ni siku 33 hadi 35, naandika kila mwezi kwenye kalenda. Siku ya 14 ndiyo nahesabu ya hatari na huwa namwomba mume wangu awepo, lakini kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi anaondoka siku saba, kumi, anarudi siku mbili, anaondoka tena. Yeye anasema kukaa kwake siku nyingi porini ndiko kunazipa mbegu nguvu.

Daktari alitaka naye apimwe. Alikataa. Ana mtoto wa kike wa miaka tisa aliyempata kabla hajanioa, basi jibu lake ni moja: "Mimi nimeshazaa, tatizo lijulikane liko wapi." Nilipotaja kusaidiwa kwa njia ya maabara alisema watoto wa hivyo si wazima.

Krismasi iliyopita tulipanda Machame kwao. Wifi yangu alikuwa amejifungua, mtori, supu ya ndizi na nyama wanayopewa waliojifungua, ukapikwa sufuria kubwa. Nilipochukua bakuli, mama mkwe akalishika upande wa pili akasema mbele ya watu, "Huu ni wa wazazi." Nililiacha bakuli mkononi mwake. Mume wangu alikuwepo na hakusema neno. Yeye ndiye kitinda mimba, nyumba ya baba kihambani, kwenye shamba la ukoo, itakuwa yake, kwa hiyo wanataka mrithi. Nimesikia kwamba mama anamshawishi atafute wa kumzalia.

Je, mimi ndiye mgumba? Niongeze dozi? Na nimwambieje huyu mwanaume?

Mke wa dereva, Sakina

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikachukua kalamu na kalenda. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka mingi kabla ya safu hii, na wanawake wenye karatasi kama zako nimekaa nao mezani mara nyingi sana. Ninachokiona ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kukuta ugonjwa mwilini mwako. Wewe umepimwa kwa tarehe za mwanamke mwingine, na mumeo hajapimwa kabisa. Jina la mgumba umevishwa kabla kazi haijafanyika.

Nianze na hiyo homoni, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Inaitwa projesteroni, na hupanda baada ya yai kutoka. Hupimwa kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hiyo ni siku ya 21, na ndiyo maana siku ya 21 imeandikwa kila mahali. Wako ni wa siku 34. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, si siku 14 baada ya iliyopita, kwa hiyo lako linatoka karibu na siku ya 20. Wewe ukatolewa damu siku ya 21, yai ndiyo kwanza limetoka. Homoni ingekuwaje juu? Rudi hospitali na kalenda yako, omba kipimo hicho karibu na siku ya 27. Na nikuambie, mwanamke anayeona siku zake kila baada ya siku 33 hadi 35 bila kuruka, mara nyingi yai lake linapevuka. Anayekaa miezi miwili mitatu bila kuona, huku ndevu na chunusi vikiongezeka, huyo ndiye ningemwambia achunguzwe haraka homoni na vifuko vidogo kwenye ovari. Naye pia dawa ipo, vidonge vya kupevusha yai ambavyo daktari humpa akimfuatilia kwa ultrasound.

Sasa zihesabu upya siku zako za hatari. Yai likitoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ya mwanaume, ikikuta ute mzuri, inaweza kuishi hadi siku tano. Ndiyo maana mimba hushika siku tano kabla ya yai kutoka na siku lenyewe linapotoka, basi. Kwako hizo ni kama siku ya 14 hadi ya 21, na zenye nguvu zaidi ni za mwishoni mwa hapo. Wewe umekuwa ukimwita mwenzako siku ya 14 peke yake, kisha anapanda gari kwenda Serengeti. Mbegu zinakaa kumsubiri mgeni ambaye bado hajatoka kwao. Mwili wenyewe utakupa ishara: ute ukiwa mwepesi, unaoteleza, ukiushika kwa vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi, hapo ndipo. Kutaneni siku moja ndiyo, siku moja hapana, hadi ute huo ukauke. Ile habari ya mbegu kupata nguvu kwa kuwekwa si kweli. Zikikaa sana zinaongezeka wingi, lakini zinachakaa na kupungua mwendo.

Fikiria basi ni miezi mingapi katika hii miaka mitatu na nusu mlikutana kwa wakati wake. Daktari humhesabu mtu kuwa ana tatizo la kushika mimba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mwanamke amefika miaka 35. Ninyi muda huo mmeupita, na lazima mchunguzwe, sisemi msubiri. Lakini ukitoa safari za mwezi wa sita hadi wa kumi, huenda nafasi mlizopata kwa kweli ni chache kuliko mnavyodhani.

Kuhusu sindano, mama mkwe ana sehemu ndogo ya ukweli na sehemu kubwa ya hofu. Sindano ile huchelewesha. Wapo wanaokaa miezi kumi na zaidi tangu ya mwisho ndipo wanashika. Haiui kizazi. Kwako athari yake ilikwisha zamani, hedhi zako zenyewe ni ushahidi.

Ile karatasi ya kifimbo, ichane. Mirija ya uzazi ni myembamba, imejificha ndani ya nyonga. Hakuna kifimbo cha kushika mkononi kinachoweza kuiona. Ili kujua kama iko wazi, lazima dawa ipitishwe kwenye mlango wa kizazi na picha ya eksirei au ultrasound ipigwe ikipita, kama ulivyofanyiwa, au daktari aingize kamera tumboni. Kwa hiyo mirija yako haikuzibuliwa na unga, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kwamba imeziba. Mirija iliyoziba kweli, kwa makovu ya klamidia au kisonono kisichotibiwa, au kifua kikuu kilichoshuka kwenye kizazi, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, haifunguki kwa kunywa kitu kilichochemshwa. Usiongeze dozi. Unga huo acha leo, maana hata ini na figo zako hatujui zinapokea nini humo. Na vile vidonge vya ukeni usivirudie kamwe. Uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda. Ukiuchubua unafungua mlango wa maambukizi yale yale waliyosema wanayatibu. Hili linaniuma sana, kwa sababu wanawatafuta watu wenye kiu ya mtoto na wanajua mwenye kiu haulizi bei. Shilingi 450,000 zingelipa vipimo vya maana vya ninyi wawili.

Tuje kwa shemeji yangu dereva.

Kuzaa miaka tisa iliyopita ni habari ya miaka tisa iliyopita. Mbegu za kiume hutengenezwa upya kila siku, na safari ya mbegu moja kutoka mwanzo hadi kukomaa ni takriban miezi miwili na nusu. Anachobeba leo hakijawahi kuwepo wakati anamzaa binti yake. Katikati hapo mengi yanaweza kutokea bila maumivu yoyote: mishipa ya damu ya korodani kuvimba, maambukizi kuziba njia, sigara, pombe nyingi, sukari, zile sindano za kujaza misuli ambazo vijana wa mazoezi wanachomana bila kujua kwamba zinazima utengenezaji wa mbegu. Hata homa kali ya malaria huzishusha kwa miezi kadhaa. Na nguvu za chumbani hazisemi lolote juu ya mbegu. Mwanaume anaweza kuwa imara kabisa na kwenye hadubini isionekane hata moja. Katika wanandoa wanaohangaika, karibu nusu upande wa mwanaume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia tatizo hili wakati fulani maishani. Mtu, halikusema mwanamke.

Linganisha basi. Wewe umepitishiwa mpira kwenye mlango wa kizazi, ukajikunja kwa maumivu. Yeye anaombwa kikombe. Aache tendo siku mbili hadi saba, anawe mikono, atoe mwenyewe bila mafuta wala sabuni wala mate, na bila kutumia kondomu ya kawaida, kwa sababu hivyo vinaweza kuua mbegu. Aingize yote kikombeni, hasa tone la kwanza, maana ndilo lenye mbegu nyingi, na likimwagika aseme. Anaweza kufanyia hospitali kwenye chumba cha faragha, au nyumbani ikiwa sampuli itafika maabara ndani ya saa moja, imefichwa kwapani au kifuani isipoe. Wataangalia wingi, mwendo na umbo. Shirika la Afya Duniani linachukua mbegu milioni 16 kwa mililita kama mpaka wa chini. Yakitoka chini ya hapo, asivunjike moyo kwa kipimo kimoja. Hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi.

Namna ya kumwambia ndiyo kazi. Usimwambie siku anayorudi amechoka na vumbi la Ngorongoro masikioni, wala mkiwa Machame, wala baada ya simu ya mama yake. Na usianze na neno "wewe". Mimi ningesema hivi: "Baba, mimi nimepimwa mirija, iko wazi. Kipimo cha homoni kilichukuliwa siku isiyo yake, narudia. Daktari hawezi kuendelea na mimi akiwa na nusu ya habari. Nakuomba twende wote, majibu tutayasoma wawili, na hayatatoka nje ya nyumba hii." Halafu nyamaza. Mwache akae nalo hata siku mbili. Wanaume wengi hawakatai kipimo, wanakataa jibu. Wanaogopa kwamba karatasi ile itawaambia wao si wanaume, na hakuna aliyewahi kuwaambia vingine. Yeye ni dereva: gari likigoma njiani haangalii betri akaapa kwamba mafuta yapo kwa sababu yalikuwepo wiki iliyopita. Anafungua, anatazama.

Akigoma kabisa, tafuta mwanaume anayemheshimu: dereva mwenzake mwenye umri, kaka yake, mchungaji au padre wenu. Usimtumie mwanamke kwa hili.

Na mkienda, nendeni mahali pamoja, faili moja. Hospitali ya Mount Meru hapo Arusha mnaweza kuanzia. Kama itahitajika bingwa, KCMC pale Moshi ni hospitali ya rufaa ya kanda, na kutoka Sakina ni safari ya asubuhi tu. Beba picha za HSG, majibu ya ultrasound na kalenda, ili usianzishwe upya. Mkiwa huko ombeni wote wawili vipimo vya magonjwa ya zinaa. Mmoja akikutwa nayo mnatibiwa pamoja, la sivyo mtarudishiana. Wewe anza sasa foliki asidi, maikrogramu 400 kwa siku. Haileti mimba, inamlinda mtoto uti wa mgongo siku itakapokuja.

Ikionekana shida iko kwake, kuna mambo ya kufanya. Mishipa iliyovimba huweza kufungwa kwa upasuaji, maambukizi yana dawa, homoni zikipungua hurekebishwa, na mbegu chache zinaweza kusafishwa zikawekwa moja kwa moja ndani ya kizazi chako siku ya yai. Zikiwa chache mno ndipo huja IVF, yai na mbegu kukutanishwa maabara. Tiba hiyo ni ya gharama kubwa na haishiki kila mara, na uwezekano unapungua mwanamke akipita 35, kwa hiyo msipoteze miaka mkibishana. Ila lile la watoto wasio wazima mwambie hivi: mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na leo ni mama wa wana wawili aliowapata kwa njia ya kawaida. Tangu yeye, wamezaliwa mamilioni.

Inawezekana pia vipimo vyote vya ninyi wawili vitoke vizuri. Hutokea, na inaumiza kwa namna yake, kwa sababu hakuna cha kulaumu. Hapo mnajaribu kwa tarehe sahihi miezi kadhaa, na daktari anapanga hatua.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu si kazi yako. Ni ya mwanawe. Ulipolishika lile bakuli na yeye akanyamaza, hapo ndipo palipovunjika kitu, na hilo mwambie waziwazi, siku tofauti na siku ya kipimo. Mwambie unataka amwambie mama yake maneno haya tu: "Tunashughulikia, mimi na mke wangu, na sitaki tena asemwe." Nami namwelewa mama yule kidogo. Kitinda mimba, kihamba, mume labda ameshazikwa pale migombani. Anaona nyumba itafungwa. Hofu yake ni ya kweli, lakini haimpi ruhusa ya kukunyima chakula. Na siku majibu yakionyesha kwamba tatizo liko kwa mwanawe, nakusihi, usiyapeleke Machame kama jiwe la kurudisha. Uliahidi hayatatoka nje ya nyumba.

Kama kweli anatafuta wa kumzalia, muulize swali moja kabla hajaenda: akikaa na huyo mwaka mzima na asishike, atampima nani?

Hedhi yako ijayo ikianza, hiyo ndiyo siku ya kwanza. Iandike. Damu ya homoni siku ya 27. Kikombe chake wakati wowote kabla ya safari inayofuata. Majibu yakitoka niandikie, ya kwako na ya kwake.

Shangazi